Nyumba ya Babu na Mgeni wa Kulipa

Kahawa Wendani hakuna bahari. Ukipanda juu ya paa la jengo ninamoishi, ghorofa tano za mawe ya Ndarugo na saruji, utaona mapaa mengine, matangi meusi ya maji, nguo zilizoanikwa, na kule upande wa pili barabara kuu ya Thika ikinguruma usiku na mchana. Zamani hapa palikuwa mashamba ya mibuni, na ndilo jina lililobaki. Hilo la pili, Wendani, wenyeji wangu Wakikuyu wanasema maana yake ni kupendana. Nasi kwa Kiswahili wendani ni marafiki wa chanda na pete. Basi hata mtu wa Lamu aliyeletwa bara na kazi na watoto hakosi kivuli cha maneno.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni mwalimu mstaafu, mtu wa Murang'a. Mimi humwita Mwalimu, naye huniita Mzee wa Pwani, ingawa kwa umri yeye ndiye mkubwa. Jioni moja alinigongea mlango akiwa na simu mkononi. Binti yake ni muuguzi Aberdeen, huko Scotland, na alikuwa amempelekea picha za mapumziko yake. Nyumba ndogo za mawe zimejipanga safu moja chini ya genge, bahari iko miguuni mwake, na kila nyumba imeielekezea bahari ubavu, si uso.

“Mzee wa Pwani,” akaniuliza, “hii ati ni nyumba ya wavuvi ya zamani. Wameitengeneza upya na mwanangu ameikodi juma zima. Hivi kwenu Lamu watu hawafanyi hivi?”

Nikacheka, maanake swali lile lilinikuta na jeraha bichi. Asubuhi ya siku hiyo hiyo dada yangu alikuwa amenipigia simu kutoka Lamu. Kuna Mzungu anayeitaka nyumba ya babu.

Kijiji cha picha ile kinaitwa Crovie, katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Scotland. Wavuvi walizielekeza nyumba zao ubavu kwa bahari ili dhoruba isiwapige usoni. Njia iliyopo mbele ya milango ni nyembamba hata gari halipiti. Mwenye mizigo huisukuma kwa toroli. Tarehe 31 Januari 1953 ilikuja dhoruba kubwa iliyozivunja baadhi ya nyumba na kuharibu njia, na watu wengi wakahama. Nyumba zilizobakia zikanunuliwa na watu wa mbali, zikatengenezwa vizuri, na leo nyingi ni za kukodisha kwa wageni wa mapumziko.

Nilipomweleza Mwalimu habari hizo alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Na wale wavuvi?” Sikuwa na jibu ila hilo nililokwisha kulitoa: walihama.

Msomaji ambaye hajafika Lamu na aanze na jambo moja: mji ule haukujengwa kwa ajili ya gari. Msikiti wa Pwani ni wa mwaka 1370, na njia za mtaa wa Mkomani zilipimwa kwa punda aliyebeba mizigo, si kwa kingine. Nyumba kubwa za mawe zilizosimama hivi sasa nyingi ni za karne ya 18, wakati wa neema ya biashara. Mwaka 1986 serikali iliutangaza mji wa kale kuwa turathi ya taifa, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia, kwa kuwa ndio mji wa Kiswahili mkongwe na uliohifadhika kuliko yote Afrika Mashariki. Sifa hiyo ni kubwa. Lakini sifa haizibi paa linalovuja.

Nyumba ya babu iko Mkomani, hatua chache kutoka Usita wa Mui. Unaingia kwa daka, lile baraza la mawe lenye viti viwili vya kujengewa, ambapo wanaume hukaa na mgeni asiye wa ndani huishia hapo. Mlango una nakshi, na mfaa wake wa kati umelainika kwa mikono ya watu. Ukivuka kizingiti unaingia tekani, na tekani imepinda makusudi ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani. Kiwanda ndio ua wa wazi, mahali pa mwanga na upepo. Kutoka hapo vyumba vinafuatana kwenda ndani: msana wa chini, kisha msana wa juu, kisha ndani, na kila unapopanda kidato faragha inazidi na mwanga unapungua. Ukuta wa ndani umejaa zidaka kutoka chini mpaka juu, na humo bibi aliweka bakuli za Kichina, na babu juzuu zake na vitabu vya fikihi.

Vyumba vyote hivyo ni virefu lakini ni vyembamba, na watu husema ni mtindo tu. Sivyo. Upana wa chumba ni urefu wa boriti. Mkoko hautoi nguzo ya kubeba dari nzito kwa zaidi ya kiasi cha mita tatu, na chumba kikajinyenyekeza kwa mti. Mimi niliyefundishwa vina na mizani nilipolielewa jambo hili nilifurahi sana, kwa kuwa niliona mshairi na mwashi ni watoto wa chuo kimoja: wote wawili wamefungwa na kipimo, na uzuri wao unatoka humo humo kifungoni.

Tusifiche pia kwamba orofa ya chini ya nyumba kama zile ilikuwa ghala na makazi ya watumwa. Mgeni anayelipa fedha kulala chini ya boriti za karne ya 18 anastahili kuambiwa hivyo, na sisi wenye nyumba tunastahili kulisema wenyewe kabla hatujaulizwa.

Sasa nieleze ubovu ulivyoanza, na hapa lawama ni yetu. Mwaka 1994 ukuta wa upande wa kusini ulikuwa unatoa vumbi na lipu ya chokaa inapukutika. Tukamwita mwashi mmoja, kijana hodari wa majengo mapya, akatuambia dawa ni saruji. Akaupaka ukuta wote saruji ukawa laini kama sahani. Tulimshukuru tukamlipa, na dada yangu akapika biriani.

Ukuta wa matumbawe na chokaa una pumzi. Maji ya mvua na umande wa bahari huingia ndani yake na hutoka tena kwa jua na upepo, na chumvi hutoka nayo. Ukiufunika kwa saruji umeuziba pua. Unyevu ulibaki ndani, chumvi ikakusanyika nyuma ya ile saruji, na baada ya miaka michache vipande vikaanza kubambuka na kuondoka na mawe. Balaa zaidi ni boriti. Vichwa vyake vimepachikwa ndani ya ukuta, na ukuta ukiwa maji wakati wote, boriti huoza pale pale mahali ambapo jicho halifiki. Ukiitazama katikati ni nzima, ukiigonga inalia vizuri, kumbe kichwa kimekuwa unga. Mwaka 2016 pembe ya dari ya msana wa juu ilianguka usiku. Alhamdulillahi hapakuwa na mtu.

Mambo haya hayako kwetu tu. Unguja, tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya jumba la Beit-el-Ajaib ilianguka wakati lilipokuwa linafanyiwa matengenezo, na watu wawili wakafa. Huko Scotland nako binti wa Mwalimu alisimuliwa na mwenye nyumba habari ile ile ya saruji juu ya kuta za chokaa, na jinsi walivyolazimika kuibandua yote. Mwalimu aliponiletea ujumbe huo alikuwa anacheka: “Mzee wa Pwani, kumbe Waskoti nao walimwita mwashi wako!”

Kutengeneza kwa haki ni kazi ndefu. Chokaa huchomwa katika tanuu, mawe ya matumbawe juu ya tabaka za kuni, kisha huzimwa kwa maji na kuachwa ilale hata ilainike. Paa la zamani lilikuwa ni boriti, juu yake mawe bapa, juu yake zege ya chokaa ambayo watu waliipiga kwa vipande siku baada ya siku, wakiimba, mpaka ikashikana. Nilipokuwa mtoto nikitoka chuoni na juzuu yangu kwapani nilikuwa nasimama kuwasikiliza wapigaji hao, nikachapwa kwa kuchelewa nyumbani. Nadhani mizani ya kwanza niliyoijua ni ile ya vipande, kabla ya utenzi wowote. Leo mafundi wanaoijua kazi hiyo wako wachache na wana nywele nyeupe, na wanaowaajiri mara nyingi ni wenye fedha kutoka nje.

Boriti nazo zina habari zake. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje, biashara iliyokuwa imewalisha watu wa Lamu na kujenga nusu ya nyumba za Ghuba ya Uajemi. Mwaka 2018 likaja katazo la kukata miti katika misitu ya serikali, na mikoko ikaingia humo. Wakataji wa Lamu wakakaa bila kazi mpaka walipolegezewa. Mikoko lazima ilindwe, sibishani. Nasema tu kwamba asiye na boriti hawezi kutengeneza nyumba ya boriti.

Basi huyu Mzungu. Si mtu mbaya, naomba nieleweke. Amekuja mara tatu, anajua kusema shikamoo, na anakaa na dada yangu darini wakinywa kahawa ya tangawizi. Anataka kuitengeneza nyumba kwa chokaa na boriti kama inavyopasa, kisha awakodishe wageni wakati yeye hayupo. Sharti lake moja ni kwamba kiwandani atachimba kidimbwi cha kuogelea. Dada yangu alipolisikia hilo alimtazama paka.

Historia ya mambo haya ni ndefu. Shela, kile kijiji chenye mnara wa msikiti wa mwaka 1829, ndiko yalikoanzia. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa mwaka 1967, kisha miaka ya sabini wakaja vijana wenye nywele ndefu, halafu wakaja wenye fedha. Magofu ya Shela yakanunuliwa moja moja yakasimamishwa. Ukipita leo utaona kuta nyeupe, mibogenvilia, na kazi ya lipu ambayo babu zetu wangeikubali. Huwezi kuichukia kazi nzuri. Waashi, maseremala wa milango, mabaharia na wapishi wanakula humo. Lakini usiku, msimu wa wageni ukiisha, tembea katika vichochoro hivyo uhesabu taa.

Na riziki ya mgeni ina miguu. Mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, na mwaka 2014 yakatokea mauaji ya Mpeketoni. Nchi za Ulaya zikawaonya raia wao wasifike. Nyumba zikafungwa, na fundi aliyekuwa akigombewa na watu watatu akaketi kwenye daka akisuka kamba.

Huko Waskoti walikwisha kuliona hili. Tangu Oktoba 2023 kila anayekodisha nyumba kwa muda mfupi lazima awe na leseni. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1960, shirika lao la National Trust lilikuwa na utaratibu ninaoupenda zaidi: hununua nyumba ndogo mbovu katika vijiji vya wavuvi vya Fife, huzitengeneza, kisha huziuza zikiwa na sharti lililoandikwa katika hati, kwamba mnunuzi na watakaomfuata wasiibadili sura yake. Fedha zinazopatikana hununua nyumba nyingine mbovu. Nilimwambia dada habari hii. Akanijibu, “Ndugu yangu, hati yetu haina hata majina ya walio hai.”

Ni kweli. Babu alikufa akaacha wake wawili na watoto tisa. Watoto nao wakafa, mmoja baada ya mmoja, wakaacha wao. Mirathi ni elimu tukufu, mwanamume sehemu mbili na mwanamke moja, na nyumba hugawanywa kirati 24. Lakini tulipokaa kuhesabu tulijikuta warithi 17, baadhi yao wana chini ya nusu kirati. Nusu kirati ya nyumba ni nini? Kidato cha ngazi? Safu mbili za zidaka? Huwezi kuilalia wala kuikodisha. Unachoweza ni kuiuza, na ndiyo sababu nyumba nyingi za Mkomani zimeuzwa na watu wasiotaka kuziuza. Laiti babu angeiweka wakfu. Ya wakfu haiuzwi.

Siku ile tuliita kikao cha simu. Mombasa, Malindi, Jeddah, Muscat, na mimi hapa Kahawa Wendani nikiwa nimeketi juu ya paa kwa sababu ndani hakushiki vizuri. Saba walisema tuuze. Sita walikataa. Watatu walisema watafuata wengi, jambo ambalo katika kikao cha warithi ni sawa na kukimbia. Wa kumi na saba, binamu yetu wa Muscat ambaye ana kirati tatu nzima, alisikiliza hadi mwisho akasema atafikiri.

Hapo ndipo mpwa wangu, mtoto wa dada, aliposema, “Mjomba, mbona sisi wenyewe hatuwaweki wageni?”

Kukawa kimya. Kisha shangazi yetu wa Malindi akasema kwamba katika ukoo wetu mgeni hajapata kulipa, na kwamba yeye hataki kuwa wa kwanza kuuza kitanda.

Nilimheshimu kwa neno lile, nami nilikuwa karibu kumuunga mkono. Lakini usiku nililala nikifikiri juu ya sabule. Nyumba yetu, kama nyingine kubwa za Lamu, ina sabule, chumba cha mgeni chenye ngazi yake kando, ili mgeni aingie na kutoka bila ya kukutana na watu wa ndani. Nani alilala humo? Alilala nahodha na tajiri wa jahazi, aliyekuja na kaskazi miezi ya Disemba hadi Machi, akangoja kusi impeleke kwao. Miezi mizima! Na huyo hakuwa mgeni wa Mungu tu. Alileta vyombo, vitambaa na zulia, akachukua boriti na pembe, na fadhila za mwenyeji wake zilihesabiwa katika bei. Zile bakuli za Kichina katika zidaka za bibi hazikuanguka kutoka mbinguni. Tulikuwa tukipokea malipo, ila hatukuyaita kwa jina lake.

Asubuhi nikampigia mpwa wangu. Tulichanga, wale sita tuliokataa na wawili katika waliotaka kuuza. Tulibandua saruji ya sabule na ya msana mmoja tu, si zaidi. Fundi mzee wa Langoni aliukagua ukuta akaamuru uachwe wazi upumue kabla hajaugusa kwa chokaa. Alikaa darini kila alasiri kuutazama kama mtu anayemuuguza mgonjwa. Boriti nane zilibadilishwa. Birika ya bafuni ilizibuliwa, na mpwa akatia tena samaki wadogo, wale wanaokula viluwiluwi vya mbu, kama zamani.

Mgeni wa kwanza wa kulipa alitoka Kahawa Wendani. Agosti, shule zilipofungwa, Mwalimu na mkewe na wajukuu wawili walipanda basi la Mombasa, wakalala, wakapanda jingine kupitia Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, na huko wakashuka kwenye mashua. Nilikuwa nimewatahadharisha juu ya mambo mengi: kwamba wavae kwa staha, kwamba adhana ya alfajiri iko karibu na mto wa kulalia, kwamba kusi inavuma na Shela mawimbi ni makali. Sikukumbuka kuwatahadharisha juu ya giza. Mjukuu wa kike, mtoto wa taa za barabara ya Thika, alilia usiku wa kwanza kwa kuwa hakupata kuona giza lililo jeusi kiasi kile. Dada yangu alipanda akalala naye, akamsimulia habari za Abunuwasi.

Walikaa siku tano. Mwalimu aliporudi alikuwa ameungua pua, na alinieleza nyumba yangu mwenyewe kwa nusu saa: jinsi msana ulivyo na baridi saa saba mchana bila feni, jinsi samaki wa birika walivyomshangaza mkewe, na jinsi alivyoketi kwenye daka na wazee wakamfanya aeleze siasa za Murang'a. Alilalamika pia, nami nililiandika: godoro ni jembamba, na ngazi za sabule ni za mbuzi.

Binamu yetu wa Muscat mpaka naandika haya bado anafikiri. Mzungu amesema atarudi Disemba.

Dada yangu ndiye aliyenieleza mwisho wa ziara ile. Wageni walipokuwa wanaaga, Mwalimu alimpa bahasha. Aliona haya kuipokea, wala hakuifungua mbele yake. Aliisukuma ndani ya kidaka kimoja cha ukuta, pale zilipokuwa bakuli za bibi, akaendelea kuwafungia wageni mikate ya njiani. Bahasha ilikaa humo siku mbili bila mtu kuigusa. Siku ya tatu mpwa wangu aliitoa, akaihesabu, akashuka pwani kununua boriti.